Mali bila Daftari: Wimbo wa "Malaika" Ulivyotoka Midomoni Hadi Santurini

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wa wanafunzi wa zamani, nilidhani anataka habari za walimu wakuu, vikombe vya mpira na ule mwaka tuliokosa maji bwenini. Akaniambia kwamba hayo yameshapata waandishi wake. "Wewe tuandikie ule ubishi wenu wa Kunduchi," akasema. Nilicheka, kwani sikujua kama ubishi wa wazee watano ulikuwa umevuma kiasi hicho. Basi ndugu wasomaji, wenzangu wa zamani nanyi vijana mlio madarasani sasa, nitausimulia kama ulivyokuwa, pamoja na mwisho wake, ambao mhariri mwenyewe alikuwa hajausikia.

Wengi mnapajua Kunduchi kwa ufuko wake, kwa soko la samaki, na kwa magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Mimi nimekaa Mtongani tangu nilipostaafu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wenzangu wanne hunijia barazani baada ya alasiri. Tunakunywa kahawa kwa kashata, na kila mmoja huja na santuri au kanda aliyojaliwa kuitunza. Gramafoni yangu bado inazunguka, ingawa sindano yake imechoka kama mwenyewe. Wajukuu hutucheka kwa kuwa nyimbo hizo zote wanazo katika simu. Hatuwakemei, maana santuri ikianza kukwaruza ni simu zao zinazotuokoa.

UBISHI ULIVYOANZA

Mmoja wetu alifanya kazi Uingereza miaka mingi. Siku moja alituletea rekodi za kundi la Beatles zilizotolewa mwaka 1996, akatuwekea wimbo uitwao "Strawberry Fields Forever". Wimbo wenyewe tuliujua tangu ujana wetu. Lakini hakutuwekea ule uliotoka madukani Februari 1967. Alituwekea kwanza kanda ya majaribio, ambayo John Lennon anaimba peke yake na gitaa, akisitasita kama mtu anayetafuta njia gizani.

Kisha akatueleza hatua kwa hatua. Lennon alianza kuutunga wimbo huo mwaka 1966 huko Almería, Hispania, alikokwenda kuigiza katika filamu. Mwezi Novemba mwaka huohuo kundi zima liliingia studio ya EMI jijini London. Wakaurekodi kwa upole, wakaurekodi tena kwa tarumbeta na fidla kubwa, wakafikisha majaribio zaidi ya 20. Lennon akalipenda jaribio la 7 kwa mwanzo wake, na la 26 kwa nguvu yake. Akataka yaunganishwe, ingawa hayakuwa na mwendo mmoja wala sauti moja. George Martin na fundi wake Geoff Emerick wakaiharakisha kanda moja kidogo, wakaipunguza mwendo ya pili, wakazikata na kuzishona. Mshono uko baada ya dakika moja hivi, na ukishaonyeshwa hutaacha tena kuusikia.

Tulikaa kimya. Kilichotushangaza hakikuwa muziki tu. Tulistaajabu kwamba leo mtu anaweza kujua wimbo ulikuwaje mwezi Septemba, ukawaje Novemba, na ukakatwa na kuunganishwa siku ya 22 Desemba. Kila kanda ina namba, kila kasha lina tarehe, na majina ya waliokuwamo chumbani yameandikwa. Wapenzi wa kundi lile hawana haja ya kubahatisha.

Ndipo mwenzetu mwingine, aliyekuwa mwalimu wa historia, akasema, "Haya, tufanye hivyohivyo kwa wimbo wetu. Tuchukue 'Malaika', turudi nyuma mpaka tufike kwa mtu aliyeuimba mara ya kwanza." Tulidhani ni kazi ya Jumapili moja. Ilituchukua karibu mwaka mzima.

KURUDI NYUMA

Tulianza na yaliyo karibu. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin aliuweka katika albamu yake iitwayo "Logozo". Miaka kumi kabla yake, mwaka 1981, kundi la Boney M. lililokuwa na makao Ujerumani liliutoa kwa midundo ya disko. Ninyi mliokuwa vijana wakati ule mtakumbuka jinsi wimbo wa kubembeleza ulivyogeuzwa kuwa wimbo wa kurukaruka. Mmoja wetu alikuwa bado na kanda yake, imefifia hata maandishi ya kasha hayasomeki.

Tukarudi mpaka mwaka 1965. Mwaka huo Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani walitoa albamu yao ya pamoja, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. "Malaika" umo, na humo unaimbwa na watu wawili. Makeba aliuimba katika majukwaa ya nchi nyingi, na kwa watu wengi wa Ulaya na Amerika kinywa chake ndicho kilikuwa cha kwanza kuwafikishia Kiswahili.

Hapa sisi wenye lugha tuliona jambo ambalo msikilizaji wa ng'ambo hawezi kulishika. Anayesema katika wimbo huu ni kijana wa kiume. Anampenda msichana na angependa kumwoa, ila hana mali. Katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kitenzi cha wimbo ni kile cha mwanamume. Makeba hakukibadilisha, na Kidjo naye hakukibadilisha. Wanawake wawili wenye sauti za ajabu wanasimama jukwaani na kulalamika kwa mdomo wa kijana aliyekosa mahari. Mwalimu wetu wa historia akasema hicho ni kama kovu mwilini. Wimbo umevishwa nguo mpya mara nyingi, lakini kovu linaonyesha ulizaliwa na nani. Kwa uchache lilituonyesha kwamba ulitoka kwa mwanamume aliyejua Kiswahili, na kwamba wale waliokuja baadaye waliupokea mzima bila kuufungua.

Tukafika mwaka 1963, na sasa tuko Nairobi. Mwingereza mmoja, Charles Worrod, alikuwa na studio iliyoitwa Equator Sound. Aliwakusanya pale wanamuziki hodari wa wakati huo, wakiwamo Daudi Kabaka na Fadhili William wa Kenya, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia ya leo. Msidhani ilikuwa studio ndogo ya mtaani isiyosikika. Wimbo wa Kabaka uitwao "Helule Helule" uliimbwa na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka 1968, ukaingia katika orodha ya nyimbo zinazopendwa huko. Katika studio hiyo Fadhili William aliuimba "Malaika" upya, na huo ndio wimbo ambao wengi wetu tuliusikia redioni utotoni.

Nimesema "upya" kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Fadhili, mtu wa asili ya Taita aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa ameshaurekodi mwaka 1960 akiwa na bendi yake ya Jambo Boys. Kwa hiyo tuna hatua mbili zilizoachana kwa miaka mitatu, za mwimbaji mmoja, katika mji mmoja. Tulifurahi, tukadhani tumefika. Jambo Boys ndiyo ingekuwa kanda yetu ya Almería, na Equator ndiyo London.

Lakini tulipozidi kuuliza, tulikuta njia bado inaendelea. Santuri ndizo zilizokuwa zimekwisha.

MAHALI SANTURI ZINAPOKWISHA

Habari inayosimuliwa na wengi ni hii. Wimbo ulitungwa na Adam Salim, Mtanganyika aliyezaliwa mwaka 1916, alipokuwa akiishi Nairobi kati ya mwaka 1945 na 1946. Alimtungia msichana aliyempenda, ambaye wazazi hawakukubali aolewe naye, na mwisho akaozwa kwa mtu mwenye fedha. Ukiyasikiliza maneno ya wimbo huku unaijua habari hiyo, moyo unataka kukubali bila kuuliza zaidi.

Hata hivyo si Salim peke yake anayetajwa. Wako wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Yuko pia Grant Charo, jamaa yake Fadhili, aliyedai kwamba wimbo ni wake. Na Fadhili mwenyewe alishikilia kuwa ni wake mpaka alipofariki Februari 2001. Majina manne kwa wimbo mmoja! Jina lililoandikwa ni la Fadhili, na malipo ya mtunzi yalifuata maandishi.

Kwa nini Salim, kama kweli ndiye, hakurekodi? Kijana wa leo anaweza kuuliza hivyo, maana yeye hurekodi kwa simu akiwa kitandani. Lakini mwaka 1945 vita ilikuwa ndiyo kwanza inakwisha. Santuri za Kiswahili zilikuwapo tangu zamani. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Tazama basi, hata malkia wa taarabu ilimbidi avuke bahari. Mpiga gitaa asiye na jina, anayetafuta riziki katika mji mgeni, angekwenda wapi? Biashara ya kurekodi wanamuziki Nairobi ilishika kasi baada ya vita. Kwetu Tanganyika redio yenyewe, Sauti ya Dar es Salaam, ilianza mwaka 1951. Hata tulipokuwa tumejitawala na Radio Tanzania inazirekodi bendi zetu kwa kanda, bendi iliyotaka kutoa santuri ilibidi ifunge safari ya Nairobi.

Kwa hiyo wimbo wa miaka ile uliishi midomoni. Ulipigwa katika vilabu, katika sherehe za harusi na katika vyumba vya kupanga, na mwenye gitaa aliyeupenda aliondoka nao. Askari waliorudi kutoka Burma walileta magitaa na mitindo mipya, wakaazimana nyimbo kama watu wanavyoazimana koti. Hakuna aliyeona ameiba. Mtu aliusikia kwa rafiki, akabadili neno, akaongeza ubeti, akaufanya wake. Aliyeufikisha mbele ya kinasa sauti alikuta karatasi ya santuri ina nafasi ndogo, nayo ikaandikwa jina moja.

Mwalimu wetu alituonyesha ajabu iliyomo. Wimbo unamlilia mtu asiye na mali. Halafu wimbo huohuo ukawa mali, tena mali kubwa iliyozunguka dunia nzima. Na wazee walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

DAFTARI LENYEWE

Tulipofika hapo baraza likagawanyika, na huo ndio ubishi mliousikia. Wawili walisema Fadhili ana haki yake. Hata kama alianza kuusikia kwa mwingine, yeye ndiye aliyeuimba mara mbili mbele ya mashine, na bila yeye wimbo ungekufa pamoja na waliouimba mwaka 1946. Mimi nilikuwa upande wa pili, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Nilisema mtunzi ni mtunzi, na kwamba mtu akiandika jina lake juu ya kazi ya mwenzake hakuna santuri itakayomsafisha. Nilipiga meza mpaka vikombe vya kahawa vikarukaruka.

Aliyetoka Uingereza akatutuliza kwa mfano mwingine. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake waliurekodi wimbo wa "Mbube" kwa kampuni ya Gallo. Walijaribu mara ya kwanza, wakajaribu ya pili. Katika jaribio la tatu, karibu na mwisho, Linda alipandisha sauti akaimba kipande ambacho hakikuwa kimepangwa. Kipande hicho ndicho kilichokuja kuwa wimbo unaojulikana kote duniani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", ulioimbwa na kundi la Tokens la Marekani mwaka 1961 na kutiwa katika filamu ya "The Lion King" mwaka 1994. Hapo basi jaribio la kwanza, la pili na la tatu yote yanajulikana, na jina la mwimbaji linajulikana. Daftari lilikuwapo. Lakini Linda alikuwa ameuza haki zake kwa shilingi kumi, na alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Jamaa zake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, miaka 44 baada ya kifo chake.

"Kwa hiyo," akasema, "msiseme kwamba kuandika peke yake kunatosha. Uliza pia nani ameshika kalamu, na nani anajua kusoma kilichoandikwa."

Maneno hayo yalinigusa kuliko alivyojua. Siku hizi sheria zetu zinatenganisha wazi haki ya mtunzi na haki ya mwimbaji. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na kutokana nayo ikaanzishwa COSOTA. Mtunzi hahitaji kusajili ili haki yake ianze, ila usajili humpa ushahidi siku ya ubishi. Hayo ni maendeleo, nami nawahimiza vijana watunzi wayafahamu. Lakini hakuna sheria inayoingia bwenini kumwangalia mwanafunzi anayepiga taipu.

KADI YA SIKU YA WAZAZI

Sasa nafika pale ambapo mhariri hakupajua. Mwenzetu wa nne barazani ni mtu mkimya, tuliyekaa naye dawati moja kidato cha tatu. Siku ile ya ubishi mkubwa hakusema neno. Wenzake walipoondoka yeye alibaki, akamaliza kahawa yake taratibu, kisha akaniuliza, "Bwana, ile kadi ya Siku ya Wazazi unayo bado?"

Nilijua mara moja anasema kadi gani. Mwaka 1977, Jumamosi moja, yeye nami tulikuja hapahapa Kunduchi kwa basi la UDA, tukiwa na gitaa la kaka yake lililokuwa na nyuzi tano, wa sita ukiwa umekatika. Tulikaa chini ya mkoko maji yakiwa yamekupwa. Pale alitunga wimbo juu ya mama anayemngoja mwanawe arudi kutoka shuleni. Aliuimba polepole sana, kwa sababu ya ule uzi uliokosekana. Mimi sikujua kupiga chochote. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno katika daftari la Jiografia, maana mwandiko wangu ulisifiwa.

Tuliporudi bwenini wimbo ukabadilika. Vijana walipiga ndoo na vifuniko vya masanduku, mwendo ukawa wa haraka. Nikaona una beti mbili tu, nikaongeza wa tatu. Halafu mwalimu wa kwaya akausikia, akaupunguza tena mwendo, akaugawa kwa sauti nne. Siku ya Wazazi ukaimbwa na kwaya nzima, na akina mama wa mstari wa mbele wakatoa leso zao. Mnaona kwamba nao ulikuwa na majaribio yake: ufukweni, bwenini, ukumbini.

Kadi ya ratiba niliipiga taipu mimi katika stensili, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza ofisini kwa karani. Nilipofika mahali pa "Mtunzi" vidole vyangu viliandika jina langu. Nilijiambia kwamba ubeti wa tatu ni wangu. Nilijiambia pia kwamba nafasi ni ya jina moja tu, jambo ambalo halikuwa kweli, mstari ulikuwa na nafasi ya kutosha. Mgeni rasmi aliniita mbele akanipa mkono. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu na gitaa, na mpaka leo sijui uso wake ulikuwaje, maana sikugeuka.

Hatukuwahi kulisema jambo lile. Tulimaliza shule, tukaajiriwa, tukaoa, tukazikana wazazi. Na mimi huyu ndiye niliyepiga meza nikimhukumu Fadhili William, mtu nisiyemjua, kwa kosa ambalo hakuna awezaye kulithibitisha juu yake, ilhali la kwangu lilikuwa kabatini limeandikwa kwa taipu.

Nilikwenda ndani nikaitoa kadi. Karatasi imekuwa ya manjano lakini wino wa stensili unasomeka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilikukosea. Nitaandika katika jarida la shule, nitaje jina lako kamili, wote wajue."

Akatikisa kichwa. "Gazetini usinitaje, mimi sitafuti makuu uzeeni. Pale ulipokosea ndipo usahihishe." Akanipa kalamu yake. Nikakata jina langu kwa mstari mmoja, nikaandika lake juu. Nilipotaka kuifunga kalamu akanizuia. "Bado," akasema. "Ubeti wa tatu ni wako, andika hivyo. Na mpangaji wa sauti ni mwalimu, naye mwandike. Halafu tia tarehe ya leo, mtu asije akadhani tuliyaandika haya mwaka ule."

Nikaandika yote kama alivyosema. Kadi nimeikabidhi kwenye maktaba ya shule, pamoja na lile daftari la Jiografia, na mwenye kutaka kujua mtunzi wa wimbo ule atamkuta huko.

TULICHOKIPATA

Je, tulimpata mtunzi wa "Malaika"? Tuliafikiana hivi. Sauti ya zamani kabisa tunayoweza kuitaja kwa mwaka na kwa jina la bendi ni ya Fadhili William na Jambo Boys, mwaka 1960. Simulizi lenye nguvu zaidi juu ya utungaji ni la Adam Salim, miaka 15 kabla yake. Hizo ni habari za namna mbili, na moja haifuti nyingine. Aliyetunga na aliyefikisha wote wanastahili kutajwa, ila kila mmoja kwa kazi yake. Mimi nimeacha kupiga meza.

Jioni nyingine tulitembea mpaka kwenye magofu. Kuna makaburi pale yenye nguzo ndefu, na wajenzi walikuwa wametia ndani yake sahani na bakuli za kigeni kama mapambo. Ukiyatazama unajua kwamba waliozikwa walikuwa watu wenye uwezo. Lakini wengi wao majina yao hayajulikani tena, hata na watu wa Kunduchi wenyewe.

Basi, ninyi vijana mnaotunga nyimbo, mashairi, ngonjera au michezo ya kuigiza, chukueni haya machache kwetu wazee. Mkitunga jambo, liandikeni siku hiyohiyo. Wekeni tarehe na mahali. Tunzeni jaribio la kwanza hata kama ni baya, kwa sababu ndilo litakalowatetea. Andikeni nani alitunga, nani aliongeza, nani alipanga sauti na nani alipiga. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Na siku mtakapokuwa ninyi ndio mlioketi mbele ya mashine, mkaona nafasi ya jina ni fupi, sogezeni herufi. Majina mawili huenea.